Fomu ya kikohozi cha mama imekwenda wapi?

*“Shikamoo daktari. Naandika kutoka Newala. Mama yangu ana miaka 61 na ana presha. Mwaka jana mwezi wa nne alianzishiwa enalaprili. Mwezi wa sita akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, usiku halali. Tulidhani ni vumbi la salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, maana mikorosho yetu iko nyuma ya nyumba. Akanywa dawa za kikohozi za dukani, akapewa antibayotiki mara mbili, makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakuna. Msimu wa salfa ukaisha, kikohozi kikabaki. Mwezi wa kwanza mfamasia wa hospitali akasema ni dawa ya presha. Daktari akambadilishia amlodipini, na ndani ya wiki tatu kikohozi kikakata. Tunashukuru. Lakini yule mfamasia alijaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, akamuuliza mama mambo mengi hadi uzito, akasema taarifa zinakwenda TMDA, mamlaka ya dawa, na zinaweza kufika Ulaya. Kaka yangu amekuja juu. Anasema tunauzwa, kampuni za dawa zinatufanya panya wa majaribio, na mama akitaka bima atakataliwa. Tena hospitali sasa wanatumia kompyuta, na kuna karatasi ya utafiti wanataka mama aweke sahihi. Taarifa zake zinaenda wapi, na zina faida gani kwetu? Asaini au asisaini? Na vidonge vya enalaprili vilivyobaki jirani anaviomba, naye ana presha. Nimpe?”*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole yangu. Miezi saba ya kukohoa usiku inaichosha nyumba nzima, siyo mgonjwa peke yake.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hasira yake haikuzuka hewani. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu antibayotiki mpya kwa watoto. Familia zikalalamika kwamba hazikuombwa ridhaa ipasavyo, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa fidia bila kukiri kosa. Mtu anayekumbuka mambo kama hayo ana haki ya kuuliza. Ninachomwomba ni asitie chungu kimoja vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina njia yake: fomu ya njano, kompyuta ya hospitali, na karatasi ya utafiti.

Na kabla ya yote, mama hakufanyiwa majaribio. Enalaprili ni dawa ya tangu miaka ya 1980, inatumika dunia nzima, na kikohozi chake kinajulikana. Inafanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kimoja mwilini ambacho kazi yake ni kutengeneza kemikali inayobana mishipa ya damu. Kimeng'enya kikizuiwa, mishipa hulegea na presha hushuka. Shida ni kwamba kimeng'enya hichohicho kina kazi ya pili, kuvunjavunja kitu kinachoitwa bradikinini. Kazi hiyo nayo ikisimama, bradikinini hujikusanya kwenye njia ya hewa na kuwasha mishipa ya fahamu. Mgonjwa anakohoa bila makohozi, koo linamwasha, akilala ndiyo kinazidi. Syrup ya kikohozi haiwezi kukifikia, na antibayotiki ndiyo kabisa, hakuna kidudu pale. Wanaopata kikohozi hiki ni kati ya watu 5 na 20 katika kila 100 wanaotumia dawa za jamii hiyo, wanawake zaidi ya wanaume. Mapafu hayaharibiki. Dawa ikiachwa, kwa kawaida kikohozi hukata ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa wengine huchukua hata miezi mitatu.

Basi utauliza: kama kinajulikana, kwa nini kilijificha miezi saba? Na kama kinajulikana, fomu ya nini?

Mama yako alikuwa na washukiwa wawili. Dawa ilianza mwezi wa nne. Mwezi wa sita, watu wa Newala na Tandahimba mnajua wenyewe, mashine za salfa zinalia asubuhi na mapema kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na lile vumbi la njano linaingia hadi kwenye vyombo. Mtu akikohoa mwezi wa sita kando ya mikorosho, nani atakilaumu kidonge? Hata mimi ningeanza na salfa. Kilichowatenganisha washukiwa ni tarehe. Salfa iliondoka, kikohozi hakikuondoka. Dawa iliondoka, kikohozi kikaondoka. Hakuna kipimo cha maabara kilichotoa jibu hilo. Wewe ulilitoa, kwa kukumbuka miezi, na mfamasia alilitoa, kwa kuuliza.

Ndiyo maana aliuliza mengi. Fomu iliyoandikwa “mgonjwa anakohoa, alitumia dawa ya presha” haina thamani hata ya karatasi yake. Anayeipokea anataka kujua dawa ilianza lini, dozi gani, dalili ilianza lini, dawa ilisimamishwa lini na baada ya hapo ikawaje, mgonjwa anameza nini kingine, zikiwemo dawa za asili, na ana ugonjwa gani mwingine. Uzito unauliziwa kwa sababu dozi moja kwa mtu wa kilo 45 na wa kilo 90 si kitu kimoja. Halafu kuna namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, ambayo karibu kila mtu huitupa pamoja na boksi lenyewe. Wapimaji wakishapata hayo, hupanga ripoti kwa uzito: ni hakika, inaelekea sana, inawezekana, haielekei. Kesi ya mama ningeiweka kwenye “inaelekea sana”. Ili iwe “hakika” ingebidi arudishiwe enalaprili tuone kama atakohoa tena, na hilo hatulifanyi kwa ajili ya kuridhisha fomu.

Kutoka hospitali fomu huenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kusini pale Mtwara mjini. TMDA nayo hupeleka ripoti kwenye hazina ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Uswidi. Tanzania imo katika mpango huo tangu mwaka 1993, na hazina ina ripoti zaidi ya milioni 30 kutoka nchi mbalimbali. Kinachosafiri ni umri, jinsia, dawa, dalili na tarehe. Jina la mama halisafiri. Kwenye fomu kunatosha herufi za mwanzo za jina au namba ya faili, ili mfamasia aweze kumpata tena kukiwa na swali.

Sasa nikwambie ukweli usioandikwa kwenye mabango: ripoti ya mama, peke yake, haitabadilisha chochote kuhusu enalaprili. Kikohozi hiki kilishaandikwa mara nyingi mno. Ila hebu fikiria namna dawa inavyoingia sokoni. Kabla ya kuruhusiwa hujaribiwa kwa watu mia kadhaa, mara nyingi elfu chache. Wajawazito huachwa nje, wazee wengi huachwa nje, na mwenye presha na kisukari na figo kwa pamoja haitwi. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya 1,000 linahitaji watu wapatao 3,000 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba utamwona japo mmoja. Dhara la mmoja kati ya 20,000 halionekani kabisa hadi dawa ifike kwenye zahanati. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuijua dawa hufanyika baada ya kuuzwa, na hufanywa na watu kama yule mfamasia wenu mwenye kalamu. Na faida nyingine iko karibu zaidi: ikitokea ripoti tano kutoka Newala, Masasi na Nachingwea zikitaja dawa ileile yenye namba ileile ya toleo, TMDA inaweza kulisaka toleo hilo madukani na kuliondoa. Hapo Uppsala haihitajiki. Hapo ni sisi kwa sisi.

Kuna upande mwingine wa taarifa ambao kaka yako ataupenda zaidi, kwa sababu unahusu dawa gani mtu mweusi aanzishiwe. Kwa miaka mingi tulitibu presha kwa ushahidi uliokusanywa zaidi Ulaya na Marekani. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti ulioitwa CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa 728 weusi katika nchi sita za Afrika, ikiwemo Kenya, Uganda na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ulilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi zenye amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi ya dawa ya ukoo wa enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza. Amlodipini anayomeza mama leo inasimama juu ya taarifa za watu kama wale 728, waliosomewa karatasi, wakakubali, wakapimwa presha tena na tena. Vilevile ni kumbukumbu za wagonjwa zilizoonyesha kwamba dhara kubwa zaidi la dawa za ukoo huu, kuvimba midomo na ulimi, huwapata watu weusi mara kadhaa zaidi ya wazungu. Kama hakuna anayeandika habari zetu, tutaendelea kupewa dozi na tahadhari za watu wengine.

Lakini nisikuuzie taarifa kama vile hazikosei. Mwaka 2018 huko Botswana, watafiti waliokuwa wakikusanya kumbukumbu za wakunga waliona jambo la kutisha: kati ya wanawake 426 waliopata ujauzito wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, dawa ya VVU, wanne walizaa watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo na ubongo. Ni karibu mtoto 1 katika 100, wakati kawaida ni kama 1 katika 1,000. Tahadhari ikatolewa duniani, na wanawake wengi wa umri wa kuzaa wakanyimwa dawa nzuri. Wakunga wakaendelea kuandika. Mwaka 2019 hesabu ikawa watoto 5 katika 1,683, mwaka 2020 ikawa 7 katika 3,591, na baadaye tofauti na wanawake wengine ikatoweka. Sehemu kubwa ya hofu ile ilikuwa bahati mbaya ya idadi ndogo. Je, walikosea kutoa tahadhari? Mimi nasema hawakukosea, maana mwaka 1961 dunia ilishajifunza kwa thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito, na watoto waliozaliwa bila mikono. Kosa lingekuwa kuacha kuhesabu baada ya kupiga kelele.

Na hizi hesabu ziko hata hapa kwetu. Kituo cha Nagaga, wilayani Masasi, ni kimojawapo cha vituo ambako dawa mseto ya malaria imekuwa ikichunguzwa kama bado inaua vimelea. Mtoto mwenye malaria hupewa dawa, kisha hufuatiliwa siku 28 kwa matone ya damu ya kidoleni. Kwa uchunguzi wa namna hiyo ndipo klorokwini ikaachwa mwaka 2001, na SP, dawa ya malaria iliyoifuata, nayo ikaachia mseto nafasi mwaka 2006.

Turudi kwenye siri ya mama. Kompyuta ya hospitali ni faili lake la matibabu, limehama kutoka kwenye kabati. Idadi za MTUHA, mfumo wa takwimu za vituo vya afya, zinazopanda mkoani na wizarani ni jumla tu: wagonjwa wangapi wa presha, wanawake wangapi, mwezi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuzitumia nje ya matibabu na mengine yanayoruhusiwa na sheria yenyewe kunadai ridhaa ya maandishi, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekewa malalamiko.

Sheria ni nzuri. Lakini kijijini kufuta jina hakutoshi kila mara. Ukiandika “mwanamke, miaka 61, kijiji fulani, presha na ugonjwa fulani wa nadra”, majirani watamtaja kabla hujamaliza sentensi. Mtafiti makini huandika wilaya badala ya kijiji, miaka 60 hadi 64 badala ya 61, na hachapishi kundi lenye watu wawili watatu. Uliza kama wamefanya hivyo. Na kama unataka maoni yangu, siri za wagonjwa wa mikoa hii hazivujii Uswidi. Zinavujia dirishani, pale mhudumu anapoita kwa sauti “wa dawa za CTC sogeeni huku”, na benchi zima likajua ni dawa za VVU, kwenye skrini inayotazama benchi la wagonjwa, na kwenye simu ya mtu aliyepiga picha faili akalituma kwenye kundi la WhatsApp. Hayo ndiyo ya kugombea, na kaka yako akiyagombea nitasimama naye.

Kuhusu bima, fomu ya njano haipelekwi kwa bima. Ila mtu akitibiwa kwa kadi ya bima, fomu ya madai anayosaini huwa inaonyesha ugonjwa na dawa. Kwa hiyo bima itajua kuhusu presha kwa njia yake ya kawaida, iwe kuna fomu ya njano au hakuna.

Na je, kampuni zinafaidika? Zinafaidika, ndiyo. Kampuni ikijua dawa yake inamfaa nani, itauza zaidi, na mama hatapata hata senti. Anachopata ni dawa inayojulikana vizuri zaidi. Kama biashara hiyo ni ya haki au si ya haki, tunaweza kubishana hadi jioni. Nisingemlazimisha mtu.

Karatasi ya utafiti, basi. Isisainiwe dirishani kwa haraka. Mwombe nakala, mwende nayo nyumbani, msomeeni mama kwa sauti, sehemu asiyoielewa aulize kesho yake. Itafuteni namba ya kibali cha maadili, ambacho kwa tafiti za kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na simu ya kamati iliyokitoa. Kama utafiti unampa mtu dawa mpya, lazima kuwe pia na kibali cha TMDA. Angalieni kama wanataka kusoma faili tu au wanachukua na damu, damu hiyo itabaki nchini au itasafiri, itatunzwa muda gani, na mama akibadili mawazo afanyeje. Lazima paandikwe kwamba akikataa, matibabu yake yanabaki vilevile. Mtu akikwambia “asiposaini hapati dawa”, huyo amevunja maadili. Mwende kwa mganga mfawidhi au mpige ile simu ya kamati. Angekuwa mama yangu, na wanasoma faili tu, kibali kipo na majina yanafutwa, ningemshauri asaini. Kama ni damu ya kuhifadhiwa miaka isiyotajwa kwa “tafiti za baadaye”, ningesita hadi nielezwe. Lakini mwenye sahihi ni yeye. Siyo wewe, wala kaka.

Sasa mambo ya kwenda kituoni bila kungoja majibu ya mtandaoni. Midomo, ulimi au uso wa mama ukivimba ghafla, au sauti ikabadilika na pumzi ikawa nzito, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na bebeni dawa zote anazomeza. Hilo linaweza kutokea hata wiki chache baada ya kuacha enalaprili, ingawa ni nadra. Kikohozi kikirudi na kukaa wiki mbili, au kikija na damu, homa za jioni au kukonda, arudi apimwe kifua kikuu upya. Kipimo cha mwaka jana hakimlindi mwaka huu. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Hilo halina hatari ileile, ila amweleze daktari, dozi inaweza kupunguzwa. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake hata siku moja. Na kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa wa mbele, andikeni kwa kalamu: “Enalaprili: kikohozi kikali, miezi saba.” Akihamia kwa daktari mwingine akaandikiwa kaptoprili au lisinoprili, aonyeshe ukurasa huo, maana zote zenye “prili” mwishoni ni ukoo mmoja. Losartani si wa ukoo huo. Haiigusi bradikinini, na mara nyingi ndiyo mbadala.

Vidonge vilivyobaki usimpe jirani. Hujui figo zake, hujui anameza nini kingine, na dawa hizi zinaharibu figo za mtoto aliye tumboni. Ndani ya nyumba ya jirani kidonge hakikai kwa mwenyewe tu, atakuja binti mjamzito mwenye presha aambiwe “hebu jaribu hiki”. Virudishe famasi ya hospitali siku mama atakapokwenda kupima presha. Kama boksi bado lipo, nakili namba ya toleo umpe yule mfamasia. Inawezekana aliiacha wazi kwenye fomu.